Kungoja Hali ya Hewa Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasafiri wa Vyombo vya Mwambao

Ukurasa huu ni wa wale wanaosafiri mwambao kwa jahazi, mashua au boti ndogo, wakafika Mombasa na kuambiwa, "Leo hatutoki." Wengine ni mabaharia, wengine abiria waliodhani ni safari ya siku mbili, wengine ni watu wa nyumbani wanaopiga simu kila jioni kuuliza mmefika wapi. Maswali ni yale yale kila msimu. Mengi yanatokana na jambo moja: bandari ya Mombasa imekingika mno, hata haikwambii lolote juu ya bahari ya nje.

Maji hapa ndani yametulia kabisa. Mbona nahodha hataki kutoka?

Kwa sababu hayatazami maji unayoyatazama wewe. Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na hori mbili (mikono ya bahari inayoingia nchi kavu), upande mmoja Bandari ya Kale na Tudor, upande wa pili Kilindini na Port Reitz, na mbele yake kuna miamba inayovunja mawimbi kabla hayajafika ndani. Hata kusi, upepo wa kusini, ya Julai ikivuma kwa hasira zake zote, kwenye ngazi za Bandari ya Kale utakuta watoto wanavua kwa mshipi.

Ukitaka kuona anachokiona nahodha, tembea mpaka mnara wa taa wa Ras Serani, upande wa Mama Ngina, usimame utazame mlango wa bandari. Kulia na kushoto kuna povu la mwambani, katikati kuna maji ya kina yanayopitisha meli. Siku bahari ikichafuka, povu hilo hunenepa na katikati mawimbi husimama wima. Sasa tazama saa. Kama maji yanatoka, yaani yanapwa, hapo ndipo pabaya zaidi: maji yote ya Tudor na Kilindini yanapita mlango huo mmoja kwenda nje, na kusi inasukuma mawimbi kuja ndani. Vinapokutana, wimbi hufupika na kuinuka. Meli ya makontena haina habari. Mashua ya futi 30 iliyojaa mizigo inaweza kuzika omo (mbele ya chombo) kwenye wimbi la kwanza na isipate nafasi ya kuinuka kabla ya la pili.

Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona shwari," muulize amesimama wapi.

Ni miezi gani watu hungoja zaidi?

Ya kusi. Huanza kuingia Aprili pamoja na masika, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Wakati huo kuna mchanganyiko mbaya: upepo bado haujatulia upande mmoja, mawingu meusi yanapanda ghafla kutoka baharini, mvua inafunga macho hata mwamba hauonekani. Juni hadi Agosti mvua hupungua lakini upepo ndio hukomaa. Kusi imevuka bahari nzima ya Hindi kabla ya kutufikia, na mawimbi yake yamekua njia nzima. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya abiria MV Skagit, chombo cha injini, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, bahari ikiwa imechafuka. Julai si mwezi wa kufanyia mzaha, uwe na tanga au na injini.

Mwisho wa Agosti kusi huanza kulegea, na demani, majira ya upepo mwepesi kusi inapokwisha, ikiingia watu hupumua. Novemba upepo haujui unataka nini. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ya Desemba hadi Machi ni msimu mzuri, anga safi, ila anayekwenda Lamu Januari atapigwa usoni kila mchana, naye pia anaweza kujikuta amekaa Mombasa akingoja.

Siku hizi kuna injini. Misimu ya nini tena?

Injini inakupa uwezo wa kutoka. Haipunguzi wimbi.

Kuna hadithi ya kweli inayofaa hapa. Vasco da Gama alitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa pale pale, kusi ikiwa inaingia, na akafika Calicut tarehe 20 Mei. Hata mwezi haukuisha. Kurudi hakungoja. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi bado haijaingia, akasota baharini karibu miezi mitatu, watu wake wengi wakafa kwa maradhi njiani, na walioiona Malindi tena Januari 1499 walikuwa hoi. Mfanyabiashara yeyote wa pwani hii angemwambia akae wiki chache zaidi.

Sisi hatuvuki bahari, twapita kandokando. Lakini upepo ni ule ule.

Tutangoja siku ngapi?

Inategemea mnangoja nini, na hili ndilo swali la kumuuliza nahodha badala ya "twaondoka lini?" (hilo jibu lake ni "Inshallah" tu, na hana makosa).

Kama ni wingu la mvua na dhoruba yake, ni suala la saa chache. Kama ni kusi iliyozidi kipimo, hesabu siku, pengine wiki. Huko kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene, kuna eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa. Likipata nguvu, upepo wetu huku nao hukaza kwa siku kadhaa mfululizo, kisha hulegea kidogo, kisha hurudi. Nahodha anangoja ule mwanya. Na kama mmeingia Mombasa mwezi wa Juni mkielekea kusini kwa chombo cha tanga peke yake, hapo mnangoja msimu, na ni vyema mwambiane ukweli mapema.

Utabiri upi tuufuate?

Anza na ule wa bahari wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Utabiri wa mjini wa "mvua nyepesi, nyuzi 28" haukusaidii kitu. Tahadhari zao za pwani mara nyingi hutaja upepo unaozidi noti 25 na mawimbi yanayozidi mita 2. Noti 25 ni karibu kilomita 46 kwa saa. Ukiona maneno hayo na chombo chako ni kidogo, mjadala umekwisha.

Programu za simu zinafaa, lakini zisome kwa akili. Namba kubwa inayoonyeshwa ni wastani wa upepo. Angalia pia ile ya dharuba (upepo wa ghafla), kwani ndiyo inayopasua tanga. Kwenye mawimbi usitazame urefu tu, tazama pia sekunde kati ya wimbi na wimbi. Nje ya miamba, mita 2 kila sekunde 6 zitawachosha na kuwalowesha. Mita 2 kila sekunde 12 chombo hupanda na kushuka bila taabu. Na hakuna programu inayojua mlango wa Mombasa wakati maji yanatoka. Hilo lazima ulifikirie mwenyewe.

Kisha, asubuhi, waulize wavuvi wanaorudi. Usiulize "je, tutaweza kwenda?" kwa sababu hawaijui mashua yako. Uliza walifika wapi, na kwa nini walirudi saa waliyorudi. Mvuvi aliyerudi mapema na samaki wachache amekupa utabiri wa bure.

Je, kuna hatari ya kimbunga?

Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini ya ikweta, na karibu hivyo na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha kuunda kimbunga. Ndiyo maana ni nadra. Nadra si kamwe: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, na pwani ya Kenya ikawekwa kwenye tahadhari. Likitajwa jina la kimbunga, usiwe na haraka ya kwenda kusini hata kama Mombasa jua linawaka. Mawimbi yake husafiri mbali kuliko upepo wake.

Tungoje wapi?

Bandari ya Kale ndiyo mahali pa majahazi tangu enzi. Faida yake ni ukaribu: ukishuka tu uko Mji wa Kale, maji, chakula na mafundi vyote ni vya kutembea kwa miguu. Ubaya wake ni mkondo, na nafasi yenyewe si kubwa wakati vyombo vingi vimekimbilia ndani siku moja. Ndani zaidi ya Tudor kumetulia, ila utapita chini ya Daraja la Nyali, kwa hiyo jua urefu wa mlingoti wako kabla hujalifikia. Kilindini ni ya meli kubwa. Usitie nanga popote karibu na njia yao bila kuwasiliana na Mamlaka ya Bandari.

Watu huuliza kuhusu Mtwapa. Hori lenyewe ni zuri, lakini njia ya kuingilia inapita mwambani na ni nyembamba. Kama huijui, siku ya kusi kali si siku ya kujifunza. Kilifi ni pana na ya kina, chini ya maili 30 za bahari kutoka hapa, na ni kituo cha kwanza cha maana kwa anayekwenda kaskazini. Ila kumbuka: tofauti na Mombasa, huko utaingia bila taa na alama nyingi za kukuongoza. Bandari ya kukimbilia ni ile unayoweza kuiingia ukiwa umechoka, giza limeingia na mvua inanyesha, na kwa mwambao wa Kenya hiyo ni Mombasa.

Nanga itashika?

Itashika ukiipa kamba. Wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa huzidi mita 3. Aliyetia nanga maji yakiwa yamepwa akapima kamba kwa kina hicho, ataamka amefika kwa jirani. Pima kwa maji yaliyojaa, kisha toa angalau mara tano ya kina hicho, kama nafasi ipo.

Mkondo hugeuka kila baada ya saa sita na kidogo, na chombo hugeuka nao. Baura, yaani nanga, inaweza kuzungukwa na kamba yake yenyewe ikang'oka, kwa hiyo msiache chombo bila mtu maji yanapogeuka. Usiku, anayelinda zamu aweke kiganja juu ya kamba pale inapotoka omo. Nanga iliyoshika, kamba hukaza na kulegea polepole. Nanga inayokokota, kamba hutetemeka mkononi, tetemeko dogo dogo la kukwaruza, na utalihisi kabla macho hayajaona kwamba taa za Nyali zimesogea. Na pale kamba inapolalia ubao, funga gunia au kipande cha mpira wa hosi. Usiku mmoja wa kusuguana unatosha kuila nusu.

Mabaharia wafanye nini siku zote hizo?

Kazi haikosi. Chombo kilichopigwa na bahari siku kadhaa kina mishono iliyofunguka: tafuta inapovuja, piga kalafati upya (ziba mishono kwa pamba na mafuta), na kama kuna ufukwe wa kukipwelesha maji ya bamvua, paka deheni (mafuta ya kuzuia maji) chini. Tanga likaushwe kila jua linapotoka, maana tanga lililokunjwa likiwa bichi huoza na kunuka. Kagua henza (kamba ya kupandishia tanga) yote, si ile sehemu unayoishika tu. Hukatika juu, kwenye gofia (kapi inamopita). Futeni ngama (maji yaliyotuama chini ya chombo). Injini iwashwe kila siku, hata kidogo, na mafuta yachujwe, kwa sababu taka iliyotulia chini ya tangi huibuka siku ya mawimbi na kuziba njia dakika ile ile unayoihitaji injini.

Baada ya hapo, mahamri na mbaazi, kahawa chungu, na maneno mengi. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi: habari za milango na mafungu ya mchanga yaliyohama huzipati kwenye ramani, hupatikana barazani.

Nani analipa posho ya siku za kungoja?

Hapa ndipo ugomvi unapoanzia, kwa sababu watu huona haya kuuliza kabla. Desturi hutofautiana kati ya chombo na chombo. Mpatane kabla ya kupakia: abiria akilala bandarini analishwa na nani, baharia posho yake inaendelea au inasimama, na mwenye mzigo anaweza kuushusha bila kudaiwa nauli yote? Mkishapatana, andikeni, hata kama ni ujumbe wa simu. Nahodha anayekasirika kwa sababu umeuliza mapema atakasirika zaidi baadaye.

Mzigo wetu utaharibika?

Boriti za mikoko hazina wasiwasi. Saruji, unga, mchele na sukari vinataka turubali mbili na mbao chini, na unyevu wa masika hupenya hata hivyo. Zikizidi siku tatu za mvua, shusha. Ng'onda (samaki waliokaushwa) na papa mkavu wakilowa wameharibika. Samaki wabichi wauzwe hapa hapa Mombasa, hata kwa bei ya hasara kidogo. Kuwawekea barafu kila siku kungojea bei ya Lamu ni kuwalisha wenye barafu.

Karatasi zetu zitaisha muda?

Kama mmetoka nchi nyingine, mfano Tanga, Pemba au Somalia, nendeni uhamiaji na forodha mara mnapofika, si siku mnayotaka kuondoka. Mkiwa mmepata kibali cha kutoka kisha hali ikabadilika, rudini mkaseme. Maafisa wamezoea kusikia "upepo", ila wanataka kuusikia kabla tarehe haijapita.

Mimi ni abiria tu. Nipande basi?

Ndiyo. Hakuna aibu. Kama una mgonjwa, harusi, mtihani au kazi inayokungoja, basi la Malindi au matatu ya kwenda mpaka wa Lunga Lunga haliulizi bamvua. Tena ukiondoka unampunguzia nahodha presha, kwa maana abiria wanaonung'unika ndio wanaomfanya mtu atoke siku isiyofaa. Kama unabaki, baki kimya. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tunakwenda kusini na kusi bado inavuma. Inawezekana?

Kwa boti ya injini, ukiwa na subira, inawezekana. Nje ya Mombasa mkondo wa bahari huelekea kaskazini, na wakati wa kusi hufika noti 3 na zaidi. Chombo cha noti 5 kikiupinga, kinabakiwa na noti 2, na wimbi juu yake. Kwa hiyo pita karibu na mwamba, ambako mkondo ni dhaifu, lakini si karibu mno, na usafiri wakati wa umande, upepo mwepesi wa kutoka nchi kavu kabla ya mapambazuko. Hadi saa nne asubuhi uwe umepata mahali pa kujikinga na upepo, kwani mchana kusi huamka. Shimoni, nyuma ya kisiwa cha Wasini, ni karibu maili 40 za bahari. Gazi iko kabla yake. Kwa tanga peke yake ni kupiga bisho (kwenda mshazari kinyume cha upepo) mchana kutwa na jioni kuuona mnara ule ule. Afadhali ngoja demani.

Basi tutajuaje kwamba leo ndiyo siku?

Mambo yafuatayo yawe pamoja, si moja moja. Upepo uwe umelegea siku mbili mfululizo, si saa mbili, maana mawimbi hubaki nyuma upepo ukishapungua. Wavuvi wawe wametoka na kukaa nje. Utabiri uwe mzuri mpaka bandari ijayo, si mpaka mlangoni. Na saa ya maji ikubali.

Hiyo ya mwisho ina bahati yake Mombasa. Siku za bamvua, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Maji yakijaa na kusimama alfajiri, mlango umetulia, umande unasukuma kutoka nchi kavu, na una mchana mzima mbele yako. Ng'oa nanga mapema ili uwe mlangoni kabla maji hayajaanza kutoka kwa kasi. Siku za maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo) saa hugeuka, alfajiri utakuta yamepwa, lakini mkondo wenyewe ni mdogo, kwa hiyo fuata upepo zaidi kuliko maji. Usichokifanya kamwe ni kutoka saa nane mchana kwa sababu mizigo imechelewa kupakiwa.

Kabla ya kutoka: jaketi okozi kwa kila mtu na zivaliwe mlangoni, zisiwe zimefungwa kwenye gunia chini ya mchele. Redio iwe imewashwa chaneli 16. Mtu mmoja wa nchi kavu ajue mnaenda wapi na saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi. Mombasa kuna kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini tangu 2006, lakini hakiwezi kumtafuta mtu ambaye hakuna aliyesema amepotea.

Tumetoka, na nje si vile tulivyotarajia. Turudi?

Rudini, na amueni mapema, wakati mlango bado uko karibu na mchana bado mrefu. Kurudi ndani na kusi ikiwa nyuma ni kugumu kuliko kunavyoonekana: wimbi huinua tezi (nyuma ya chombo) na kutaka kukigeuza chombo ubavu. Punguza tanga au lishushe kabisa utumie injini, watu wakae chini, sehemu ya nyuma ya chombo, msukani asitazame nyuma. Kama maji yanatoka, subirini nje kwenye kina, mbali na mwamba, mpaka yageuke yaanze kuingia. Saa mbili za kurushwarushwa ni bora kuliko dakika kumi za mlango ule. Kisha fuateni njia kubwa ya meli, hata kama mnakwenda Bandari ya Kale na mnaona kama kuna mkato.

Mkishatia nanga, mpigieni simu yule wa nchi kavu mumwambie mmerudi, asije akaanza kuwatafuta Kilifi.